Kwa Nini Sungura Huhasiwa

Wasomaji wenzangu, najua wengi wenu mtacheka mkiona kichwa cha habari hii. Wenzangu wa bwenini walicheka pia. Fahali akihasiwa tumeona, na beberu akihasiwa ili anenepe na nyama yake isitoe harufu tumeona. Wengine wetu hata tumeshika miguu ya mnyama huku wazee wakifanya kazi yao. Lakini kuhasi sungura! Tena si dume peke yake, bali hata jike kupasuliwa tumbo na kutolewa kizazi, naye ni mnyama asiyetimiza kilo nne! Rafiki yangu mmoja aliniuliza kama daktari wa kazi hiyo hutumia sindano ya kushonea vifungo. Mimi nami nilikuwa nikicheka zamani. Niliacha kucheka mwaka juzi, alipokufa Nalongo.

Nalongo alikuwa jike wa chama chetu cha wafugaji hapa shuleni, mweupe mwili mzima ila masikio, pua na miguu. Jina hilo kwetu Buganda hupewa mama aliyezaa mapacha, naye alilistahili mno, maana mara ya kwanza alizaa wanane. Sitaki kuficha kwamba sungura wetu wengi huuzwa au huliwa. Lakini Nalongo hakuna aliyethubutu kumtaja karibu na sufuria. Watoto wa walimu walikuwa wakija kila jioni kumletea majani ya viazi vitamu, naye akiwafuata uani kama mbwa. Alipotimiza miaka minne tuliacha kumpandisha, tukasema, mama huyu sasa apumzike.

Baada ya miezi michache tuliona wekundu sakafuni mwa kizimba chake. Mimi ndimi niliyekuwa mwandishi wa daftari la banda. Nilikuwa nimesoma kwamba mkojo wa sungura hubadilika rangi: siku nyingine huwa mzito na mweupe kama maziwa kwa ajili ya chokaa iliyomo, siku nyingine wa manjano, na siku nyingine mwekundu kabisa kwa sababu ya majani aliyokula, wala si ugonjwa. Hayo ni kweli. Basi nikaandika, "Nalongo, mkojo mwekundu, majani," nikafunga daftari. Juma lililofuata nikaandika vile vile. Sikutazama kwamba wekundu huu haukuenea katika mkojo wote kama rangi ya majani inavyoenea, bali ulitoka mwishoni, kwa matone mazito yaliyoganda. Ilikuwa damu. Akakonda, akaanza kupumua kwa shida, na asubuhi moja tukamkuta amekufa.

Bruda mlezi wa chama alimwita daktari wa mifugo, akaja akampasua mbele yetu ili tujifunze. Kizazi chake kilikuwa kimejaa mafundo magumu, mengine ukubwa wa harage na mengine ukubwa wa ndimu, na mapafuni mlikuwa na vipele vingi vidogo vyeupe. Daktari akatuambia, "Vijana, hii ni saratani ya kizazi, ndiyo kansa. Imeanza hapa chini ikapanda mapafuni. Huyu angetolewa kizazi akiwa msichana, ugonjwa huu usingempata kamwe." Basi hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali, na majibu niliyoyapata kwa daktari huyo na katika vitabu ndiyo ninayotaka kuwaelezeni.

Kwanza yafaa tujue ni mnyama gani tunayemsema. Yule Sungura mjanja wa hadithi za bibi zetu, anayemshinda Fisi na Simba kwa maneno, si ndugu wa karibu wa hawa wa kizimbani. Yule ni wa porini, ana miguu mirefu, hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Huyu wa kizimbani asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Yeye huchimba mashimo, hupenda kukaa na wenzake, na watoto wake huzaliwa uchi na macho yamefumba, kama panya. Hapa Uganda tunaye tena sungura wa nyasi wa Bunyoro, ambaye wataalamu humwita Poelagus marjorita, lakini huyo naye ni wa ukoo mwingine, hawezi kuzaana na wa kizimbani. Nasema haya kwa sababu mwanachama mmoja alishauri kwamba majike wetu wakizidi tuwafungulie tu, watapata waume porini. Waume hawatapata, mbwa watawapata.

Sasa tutazame uzazi wake, maana humo ndimo lilimo jambo lote. Ng'ombe ana siku zake za kumtaka dume, na siku hizo zikipita, zimepita. Jike wa sungura sivyo. Mayai yake hungoja yakiwa tayari, na kupandwa kwenyewe ndiko kunakoyafanya yatoke, kama saa 10 hivi baada ya dume kushuka. Kwa hiyo ni nadra dume kufanya kazi bure. Kizazi chake si kimoja kama cha binadamu, bali ni mirija miwili mirefu, kila mmoja una mlango wake. Mimba huchukua siku 31 hivi. Na siku ile ile aliyozaa anaweza kupandwa tena akashika mimba nyingine, huku ananyonyesha wale wa kwanza. Wa aina ndogo huweza kuzaa wakiwa bado na miezi minne au mitano. Wale wa aina kubwa huchelewa zaidi.

Chukueni kalamu mhesabu. Mfugaji mwangalifu, anayempumzisha jike wake vizuri, akimzalisha mara tano tu kwa mwaka, na kila mara watoto saba, ni watoto 35. Nusu yao ni majike, na kabla ya mwaka kwisha wale wa mwanzo nao ni mama. Mwaka 1859 bwana mmoja wa Victoria, Australia, jina lake Thomas Austin, alipelekewa sungura wapatao 24 kutoka Uingereza ili awe na kitu cha kuwinda shambani kwake. Miaka haikupita mingi nchi ikafunikwa na sungura, malisho ya kondoo yakatafunwa mpaka mizizini, na hata mwaka 1950 serikali ilipowaachia ugonjwa wa kuwaua makusudi, walipungua sana lakini hawakwisha. Mpaka leo wapo.

Lakini huko ni porini. Katika nchi za Ulaya na Amerika sungura ni mnyama wa kukaa na watu nyumbani, kama paka. Analala ndani, ana jina lake, na anaweza kuishi miaka 8 au 10, hata zaidi. Watu wa huko hawamli huyo wa nyumbani, wala hawawezi kumuuza sokoni akizaa. Kwa hiyo taabu yao ni nyingine. Mtoto hupewa kisungura kizuri wakati wa Pasaka. Kikishakua, kikaanza kutafuna miguu ya meza na kukojoa kitandani, baba mtu hukichukua usiku akakitupa katika bustani ya watu wote.

Mfano ulio wazi ni wa Chuo Kikuu cha Victoria (hii ni Victoria nyingine, iliyoko katika kisiwa cha Vancouver, Kanada). Watu walikuwa wakiwatupa sungura wao katika viwanja vya chuo hicho, nao wakazaana miaka na miaka, hata mwaka 2010 walikuwa wamepita 1,000. Walichimba viwanja vya michezo mpaka wachezaji wakawa katika hatari ya kuvunjika miguu. Chuo kilipoanza kuwaua, watu wengi walikasirika, mashauri yakafika hata mahakamani. Mwisho wake ilikubaliwa kwamba wale walio tayari kuwatunza wawachukue, lakini kwa sharti moja: kila sungura ahasiwe kwanza. Wakakamatwa mamia, wakafanyiwa kazi hiyo, wengine wakasafirishwa mbali hata Texas, Marekani, kwenda kumalizia maisha yao huko. Mwaka 2011 viwanja vikawa vitupu. Nilipowasomea wenzangu habari hii, mmoja alisema, "Fedha za nauli ya sungura kwenda Texas zingenilipia mimi karo mpaka nimalize." Sikuwa na jibu la kumpa. Hata hivyo, laiti wale wa kwanza waliotupwa wangalikuwa wamehasiwa, nauli hiyo isingalihitajiwa na mtu.

Basi sababu ya kwanza ni wingi. Sababu ya pili ni tabia. Dume akibalehe hugeuka mtu mwingine. Hurusha mkojo, tena wenye harufu kali, juu ya ukuta, juu ya jike, na juu ya suruali ya yule anayemletea chakula. Huwapanda wenzake, hata miguu ya watu. Madume wawili waliolelewa kizimba kimoja tangu utotoni, walale wamekumbatiana, wakifika miezi minne au mitano hupigana vita vya kweli, na silaha yao ni meno, na shabaha yao ni korodani za mwenzake. Sisi tuliwahi kuwakuta ndugu wawili namna hiyo asubuhi moja. Sitaeleza zaidi, maana gazeti hili husomwa hata mezani. Jike naye huwa mkali anapolinda mahali pake. Tena mara kwa mara hushika mimba ya uongo: hana kitu tumboni, lakini mwili wake umedanganyika, na baada ya siku 16 au 18 huanza kukusanya nyasi na kujing'oa manyoya ya kifua na tumbo ili awatandikie watoto wasiokuwako. Ukimtazama utamhurumia. Wakishahasiwa, wengi wao hutulia, na dume na jike huweza kukaa pamoja kwa amani, na sungura hapendi kukaa peke yake.

Sababu ya tatu ndiyo iliyomwua Nalongo. Tangu miaka ya 1930 daktari mmoja, Harry Greene, aliyefanya kazi katika chuo cha uchunguzi cha Rockefeller, Marekani, aliwaangalia sungura wengi katika maisha yao yote na kuandika vifo vyao. Yeye na wengine waliomfuata waliona kwamba saratani ya kizazi ni adimu kwa majike wachanga, lakini huongezeka mwaka hata mwaka, na katika makundi mengine zaidi ya nusu ya majike waliopita miaka minne walikuwa nayo. Ni haki niongeze kwamba madaktari wengine wa siku hizi wanasema makundi yale ya uchunguzi yalikuwa ya sungura wa damu moja, hivyo hesabu hiyo haiwezi kuwa sawa kwa sungura wote wa dunia. Labda ni kweli. Lakini hakuna anayekataa kwamba saratani hiyo ndiyo kubwa kuliko zote kwa sungura jike. Wafugaji wetu hawaijui kwa sababu moja tu: jike wa nyama hafiki miaka minne.

Sasa nieleze kazi yenyewe inavyofanyika. Nilisimama karibu mara mbili, nikiwa nimeshika taa.

Dume ndiye mwepesi. Korodani zake hushuka akiwa na umri wa majuma 10 mpaka 12. Ajabu yake ni kwamba tundu zile za kinenani zinazopitisha korodani haziji kufunga maisha yake yote, kwa hiyo akiogopa huzivuta ndani ya tumbo, ukamtazama ukadhani ni jike. Wafugaji wengi wamedanganyika hivyo. Kwa sababu ya tundu hizo, daktari akishaitoa korodani hana budi kuziba njia kwa uzi, ama sivyo utumbo unaweza kushuka kwa njia hiyo. Mzee wa kijijini anayehasi mbuzi kwa wembe na majivu asijaribu kazi hii kwa sungura. Wala koleo la kubana mishipa, lile la ng'ombe, halifai.

Jike ni kazi kubwa zaidi. Hunyolewa tumbo, hulazwa chali, hupasuliwa katikati chini ya kitovu. Daktari hupasua polepole sana, maana mara moja chini ya ngozi na nyama nyembamba kuna kibofu cha mkojo, na kando yake ule mfuko mkubwa wa utumbo unaochachusha majani, ambao ukuta wake ni mwembamba kama karatasi. Hutoa mirija yote miwili ya kizazi pamoja na vifuko vya mayai, akifunga kila mshipa wa damu kwa uzi kabla ya kukata. Kisha hushona tabaka kwa tabaka, na mshono wa mwisho huuficha ndani ya ngozi, kwa kuwa sungura ana meno ya fundi na uzi ulio nje atautafuna. Umri mzuri ni kama miezi sita. Kabla ya hapo kizazi bado ni kidogo; na jike mzee ana mafuta mengi yanayoficha mishipa.

Lakini kisu sicho kinachoogopwa zaidi. Kinachoogopwa ni nusu kaputi. Madaktari wa Uingereza waliwahesabu wanyama waliolazwa kwa dawa hiyo, na hesabu ikatolewa mwaka 2008. Kwa mbwa alikufa mmoja katika 600 hivi. Kwa paka mmoja katika 400 hivi. Kwa sungura, waliozidi 8,000, alikufa mmoja na zaidi kidogo katika kila 100. Hata walipowahesabu wale tu waliokuwa wazima wa afya, alikufa mmoja katika 137 hivi. Sungura ni mnyama mwoga ajabu, na hofu peke yake humdhuru. Akishikwa vibaya hupiga mateke mpaka akavunja mgongo wake mwenyewe. Njia yake ya pumzi ni nyembamba, imejificha nyuma ya mdomo mdogo, hivyo ni vigumu kuingiza mpira wa kupumulia. Mwili wake hupoa upesi. Tena wengi wao wana kitu katika damu kinachoivunja dawa ya atropini, ile ambayo wanyama wengine hupewa kusaidia moyo, ikawa kama maji.

Kuna na jambo la chakula. Mbwa na mtu hukatazwa kula kabla ya kupasuliwa, ili wasije wakatapika usingizini wakapaliwa. Sungura hawezi kutapika; mwili wake haukuumbwa hivyo. Kwa hiyo asilazwe na njaa. Utumbo wake ni kinu kisichotakiwa kusimama: ukisimama, hewa hujaa, vijidudu vibaya huzaliana, naye hufa kwa siku moja au mbili, hata kama kidonda chake ni kizuri kabisa. Ndiyo maana daktari humpa dawa ya maumivu, maana sungura mwenye maumivu hali, na asiyekula hufa. Kazi ya mwuguzi wake ni moja tu, kutazama kama amekula na kama ametoa choo.

Na hapa niwaonye wale wanaofuga. Mwenzetu mmoja alikuja na vidonge vya amoksilini vilivyobaki alipokuwa na kikohozi, akataka tumwekee sungura mdomoni ili kidonda kisioze. Alikuwa na nia njema. Daktari alimshika mkono. Dawa za jamii ya penisilini zikimezwa na sungura huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, vibaya vikatawala, na sungura akafa kwa kuharisha. Dawa zake ni nyingine, na achague daktari.

Basi baada ya kifo cha Nalongo chama kilikutana. Tulikuwa na akiba ndogo ya mauzo ya sungura na mbolea. Binti zake wawili, Babirye na Nakato, walikuwa wamekwisha kuchukua nafasi yake mioyoni mwa watoto wa walimu. Tulikuwa na dume la kijivu tena, mume wa Nalongo, ambalo kwa kawaida ya Buganda tuliliita Ssalongo, baba wa mapacha. Daktari alikubali kupunguza malipo yake, lakini hata hivyo akiba ilitosha kwa dume na jike mmoja tu. Wengine walisema ni upuuzi kutumia fedha za watu kwa sungura asiyeliwa. Wengine walisema ni kuharibu alichokiumba Mungu. Bruda, ambaye tulidhani angekubaliana na hao wa pili, alisema kwamba Mungu hakumwumbia sungura kizimba. Kizimba tumekijenga sisi, na aliyemfungia mnyama ndani amekwisha kubeba hesabu yake. Tukapiga kura. Waliokubali walizidi kwa kura mbili.

Ssalongo alihasiwa kwanza. Alizinduka upesi, jioni akala, na baada ya siku 10 kidonda kilikuwa kimekauka. Mimi nikamrudisha kwa Babirye na Nakato. Daktari alikuwa amesema angojewe majuma sita. Niliandika hata katika daftari. Lakini nilimwona mpweke, nikajiambia kwamba korodani zimetoka, sasa atazaa kwa kitu gani? Sikujua kwamba mbegu zilizokwisha kutoka katika korodani hubaki hai katika mirija iliyosalia ndani kwa majuma manne, hata sita. Siku ya 17 Babirye hakujing'oa manyoya, jambo ambalo lingekuwa dalili ya mimba ya uongo. Siku ya 29 akaanza kujing'oa. Siku ya 31 tulikuta watoto saba. Shule nzima ilisikia kwamba Ssalongo amezaa baada ya kuhasiwa, na kwa juma zima nilikuwa nikiitwa daktari kila nilipoingia chumba cha chakula. Nakato yeye hakushika mimba, kwa bahati tu.

Kwa hiyo aliyepelekwa kupasuliwa akawa Nakato, na Babirye akabaki kunyonyesha. Kazi ilikwisha vizuri kwa muda wa saa moja kasoro. Lakini usiku ule hakula. Tulimweka katika sanduku lenye nyasi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, katika chumba cha Bruda. Alikuwa amejikunja, macho nusu, akisaga meno, na hiyo si dalili ya raha kama kwa paka anayenguruma, ni maumivu. Daktari alikuwa ametuachia dawa ya kumdondoshea mdomoni, tukampa kwa saa yake. Saa nne hakula. Saa saba hakula. Nilimkumbuka yule mmoja katika 100, nikaanza kufikiri nitawaambiaje watoto wa mwalimu wa jiografia, walioniuliza mara tatu kama ninajua ninachokifanya. Saa kumi za usiku nilisikia mchakato mdogo ndani ya sanduku. Alikuwa ameshika jani la mtama mwitu, analivuta taratibu mdomoni. Asubuhi tulikuta punje sita za choo, nikaziandika katika daftari.

Watu wakiniuliza sasa kama kila sungura ahasiwe, nawaambia hapana. Sungura wa nyama hana haja. Mtenge dume na jike wanapofika miezi mitatu, umpandishe jike kwa mpango, na kazi imekwisha bila gharama. Kama sungura wako ni wa kukaa naye miaka, na daktari wako amekwisha kufanya kazi hiyo kwa sungura, si kwa mbuzi tu, basi mhasi dume, na kama fedha zipo mtoe jike kizazi. Daktari asiyewahi, mwache. Ni afadhali vizimba viwili vilivyokabiliana kuliko kujaribiwa.

Nakato na Ssalongo wanakaa kizimba kimoja, na mchana hulala wamegusana mbavu. Babirye anakaa peke yake karibu nao, ametengwa kwa waya. Akiba ya chama haijatimia tena, kwa kuwa mwaka huu mvua ilibomoa paa la banda. Amekaribia miaka minne. Kila Jumamosi natandika gunia jeupe chini ya kizimba chake, na Jumapili baada ya Misa nalitoa nje nalitazama juani.